KABLA YA KUJENGA, IULIZE ARDHI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

  

Nataka kuanza na ungamo. Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala ndani ya bwalo la chakula. Hoja ilisema hivi: "Jiografia ndiyo mama wa miji." Mimi nilikuwa upande wa upinzani, tena msemaji mkuu. Nilisimama, nikarekebisha tai, nikasema kwamba miji hujengwa na wafalme na pesa, wala si mito na milima. Nikauliza kwa kelele, "Je, kuna mlima uliowahi kushika mwiko wa mwashi?" Bwalo zima likacheka, meza zikapigwa, na kura zilipohesabiwa tukashinda. Usiku ule nililala kama jogoo aliyewika akadhani ndiye aliyeleta asubuhi.

Leo nashika kalamu kukiri kwamba nilishinda mjadala huku nimekosea. Mambo mawili yamenibadilisha nia. La kwanza ni safari ya Chama kwenda Gedi. La pili ni vigingi vyekundu vilivyopigwa kule bondeni nyuma ya uwanja wetu wa michezo. Nitayafikia yote mawili. Kwanza nivumilieni nizunguke dunia kidogo, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI MANNE YA WAZEE WA KALE

Hebu tujiulize. Mtu wa kale, asiye na ramani wala tingatinga, alichaguaje mahali pa kuanzisha mji? Kwa maoni yangu alikuwa na maswali manne. Maji ya kunywa yako wapi? Chakula kitatoka wapi? Adui akija atapitia wapi? Na bidhaa zitaingia na kutoka kwa njia gani? Mahali palipojibu maswali yote manne, mji ulisimama ukadumu. Mahali palipojibu mawili tu, mji ulisimama ukayumba.

Tuanze na Misri, ambayo sote tumeisoma katika Historia. Mto Nile unatoka kusini kwenda kaskazini. Upepo nao, siku nyingi za mwaka, huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo mwenye chombo akitaka kwenda kaskazini huuachia mkondo umbebe, na akitaka kurudi kusini hutweka tanga. Ni serikali gani itakayokataa barabara ya namna hiyo, isiyohitaji lami wala kokoto?

Sasa itazame ramani. Mto unapita katika bonde jembamba, halafu ukikaribia bahari unatawanyika kama vidole vya mkono. Pale kwenye kiganja, mahali vidole vinapoanzia, ndipo palipojengwa Memphis yapata mwaka wa 3100 K.K., wakati Misri ya Juu na Misri ya Chini zilipounganishwa kuwa nchi moja. Aliyekaa hapo alishika bonde kwa mkono mmoja na delta kwa mkono wa pili. Baadaye wafalme walihamia Thebes, na wengine wakahamia Alexandria kule baharini. Lakini Waarabu walipoingia Misri walijenga Fustat mwaka wa 641 karibu na kiganja kile kile, na mwaka wa 969 Cairo ikaanzishwa ubavuni mwake. Dini ilibadilika, lugha ikabadilika, watawala wakabadilika, lakini makao makuu yakarudi pale pale. Je, hiyo ni bahati tu?

Kama ni bahati, basi ilitokea tena Iraki. Kuna mahali mito Tigris na Euphrates inakaribiana sana kabla ya kuachana tena. Katika eneo hilo ulikuwako Babylon, ukaja Seleucia, ukaja Ctesiphon, na mwaka wa 762 Khalifa al-Mansur akaanzisha Baghdad. Miji minne mikubwa, ya watu tofauti na nyakati tofauti, lakini yote katika shingo moja ya nchi! Mwenye kukaa hapo alipata maji ya mito miwili, mashamba ya kunyunyizwa, na misafara ya pande zote.

Kuna kisa kingine kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Wagiriki wa kale walijenga mji ulioitwa Chalcedon upande wa Asia wa mlangobahari wa Bosporus. Miaka michache baadaye Wagiriki wengine wakajenga Byzantium ng'ambo ya pili, upande wa Ulaya, penye bandari nzuri sana ya asili na ncha ya ardhi iliyozungukwa na maji pande tatu. Mwanahistoria Herodotus anatueleza kwamba jemadari mmoja wa Waajemi, Megabazus, aliposikia kuwa Chalcedon ulitangulia, alisema kuwa waliouanzisha lazima walikuwa vipofu. Yaani mtu anaona mahali pazuri ng'ambo kwa macho yake, kisha anajenga pabaya! Byzantium ndio uliokuja kuwa Constantinople mwaka wa 330, ukawa makao makuu ya dola moja hadi mwaka wa 1453, na ya dola nyingine hadi karne ya 20. Leo unaitwa Istanbul.

Hata hivyo, msomaji, mlango mzuri kwa mgeni ni mlango mzuri kwa adui pia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za kigeni zilitia nanga mbele ya mji huo. Ndipo Waturuki mwaka wa 1923 wakafanya Ankara kuwa makao yao makuu, huko bara, mbali na mizinga ya meli. Unaona basi? Hata walipouacha mji uliochaguliwa na jiografia, ni jiografia tena iliyowaonyesha pa kwenda.

PWANI YETU NA PEPO ZAKE

Pengine mtu atasema, "Wewe unatupeleka mbali, hapa kwetu je?" Haya, turudi nyumbani.

Kwa nini pwani ya Afrika Mashariki ilijaa miji ya mawe: Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa? Jibu liko katika maneno mawili yetu wenyewe, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi Machi, ikayasukuma majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi kwetu. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ikayarudisha. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi hakuwa na hiari ya kuondoka siku aitakayo. Alingoja upepo ugeuke. Akingoja, atakula wapi, atalala wapi, ataswali wapi? Mji ukazaliwa katika kungoja huko.

Kilwa ilipata zaidi kwa sababu iko karibu na mwisho wa mwendo ambao jahazi lingeweza kwenda na kurudi kwa msimu mmoja. Dhahabu ilitoka Sofala, kusini zaidi, na Kilwa ikakaa katikati kama mtoza ushuru. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika huko mwaka wa 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Mombasa nayo aliiona, akaandika kwamba watu wake walikula ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kutoka nje. Hilo ni swali la pili la wazee, lile la chakula, na jibu lake lilikuwa nusu tu. Mombasa ilidumu kwa sababu majibu mengine yalikuwa mazuri mno. Ni kisiwa, kwa hivyo adui hawezi kuingia bila kuonekana. Kina bandari upande huu na bandari upande ule. Jina Kilindini lenyewe linatwambia: kilindi ni maji yenye kina kirefu. Majahazi yalitosheka na bandari ya zamani. Meli kubwa za mvuke zilipokuja zikahitaji kilindi. Waliolipa jina hilo eneo walikuwa wamekwisha kusoma ardhi na bahari kabla ya mhandisi yeyote kuzaliwa.

Sasa nije Gedi. Wale tuliosafiri tunajua. Basi liliharibika mara mbili njiani na mwalimu wetu mlezi akatutuliza kwa vitendawili mpaka sauti ikamkauka. Lakini tulipoingia chini ya ile miti mikubwa, tukaona kuta za matumbawe, kasri, msikiti mkuu na kaburi la mnara, hakuna aliyeongea. Hata wale wenzangu wasionyamaza darasani walinyamaza. Watu waliishi hapo tangu karne ya 12 au 13 hivi hadi karne ya 17, wakala katika vyombo vya kauri kutoka Uchina, wakavaa shanga za kutoka ng'ambo. Kisha wakaondoka.

Kwa nini? Wataalamu hutaja mengi: vita na mashambulizi, biashara kuhamia kwingine baada ya Wareno kuingia pwani, na maji kupungua visimani. Mwelekezi wetu alitupeleka kwenye kisima kimoja, akatwambia tuchungulie. Akasema visima vya hapa viliongezwa kina kwa sababu maji yalizidi kushuka. Nikatupa macho chini, nikaona giza na majani makavu. Nikafikiri: mtu fulani alishuka humo na sururu, akachimba, akapata maji. Mwaka mwingine akachimba tena. Halafu siku moja akapanda juu akamwambia mkewe, "Funga mizigo." Hakika siku hiyo kasri halikumfaa kitu. Hapo ndipo nilipokumbuka swali langu la bwaloni kuhusu mlima na mwiko, nikaona haya.

Mwaka wa 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tunafurahi. Lakini tusiende pale kupiga picha tu. Kisima kile ni mwalimu.

MJI ULIOANZA KAMA KITUO

Je, na mji wetu mkuu? Wengi wetu hudhani Nairobi ilichaguliwa kwa fahari, labda na gavana aliyesimama kilimani akanyoosha kidole. Wapi! Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 ikafika mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, kilomita 530 hivi kutoka pwani. Mbele yake kulikuwa na mpando mkali wa kwenda Limuru, kisha mteremko wa kutisha wa Bonde la Ufa. Wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kuweka vyuma, mbao na karakana za vichwa vya gari moshi kabla ya kuanza kupanda. Maji yalikuwapo, tambarare ilikuwapo. Basi! Hapo ndipo mji ulipoanzia.

Machakos, ambako utawala wa mkoa wa Ukamba ulikuwa, reli haikupitia huko. Mwaka huo huo wa 1899 mkuu wa mkoa, John Ainsworth, akahamishia ofisi zake Nairobi. Mwaka wa 1905 Nairobi ikachukua nafasi ya Mombasa kama makao makuu. Mpinzani wangu wa zamani, yaani mimi mwenyewe, angesema, "Si unaona? Ni reli iliyoanzisha Nairobi, si jiografia!" Ndiyo, lakini ni nani aliyeiambia reli isimame pale? Ni ule mpando.

Hata hivyo mahali panapofaa vyuma si lazima pafae watu. Sehemu ya eneo hilo ilikuwa kinamasi, na udongo wake ni ule mweusi unaonata viatu. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka na soko la Wahindi likachomwa moto. Madaktari walilalamika kuhusu mahali penyewe. Winston Churchill alipopita mwaka wa 1907 aliandika baadaye kwamba mahali hapo hapakuwa na faida yoyote kwa makazi, ila wakati wa kubadilisha ulikuwa umekwisha pita. Maneno hayo, "wakati umekwisha pita," nayaogopa sana. Ndiyo yanayosemwa kila mara watu wanapojenga kwanza kisha wakafikiri baadaye.

Tena, ndani ya mji wenyewe, wakoloni waliisoma ardhi vizuri sana kwa ajili yao. Wao walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, penye hewa safi na udongo mwekundu unaonyonya maji. Waafrika wakapelekwa upande wa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, chini ambako maji ya mji mzima huteremkia. Kwa hiyo jiografia haichagui mahali pa mji peke yake. Ukiwapa wenye nguvu kalamu, huitumia pia kuchagua nani alale pakavu na nani alale penye maji.

"LAKINI PESA ZINAWEZA YOTE"

Nawasikia wenzangu wa upinzani wakiguna. Watasema leo kuna mabomba, pampu na ndege, na kwamba mtu akiwa na fedha atajenga popote. Mfano wao mkubwa ni hii miji mikuu mipya. Tanzania iliamua mwaka wa 1973 kuhamishia makao yake Dodoma. Nijeria ilihamia Abuja mwaka wa 1991. Burundi iliifanya Gitega kuwa makao yake ya kisiasa mwaka wa 2019. Je, hayo si maamuzi ya watu?

Ni maamuzi ya watu, nakubali. Lakini kila mmoja wao alitafuta nini? Katikati ya nchi! Na katikati ni neno la jiografia. Walitaka mwananchi wa pembe ya mbali asione serikali kama mgeni wa pwani. Hilo ni swali la tano ambalo wazee wa kale hawakulihitaji sana: je, wananchi wote watafika?

Ukitaka kuona mji uliotokana na amri tupu, mtazame Farao Akhenaten. Katika karne ya 14 K.K. aliacha Thebes akaenda kujenga makao mapya mahali ambapo hapakuwa na mji, sababu kubwa ikiwa dini yake mpya. Akajenga makasri na mahekalu kwa haraka. Alipofariki haikupita miaka mingi, mji ukahamwa. Leo pale Amarna ni magofu.

Kuhusu mabomba, ni kweli. Mombasa hunywa sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Nairobi, mji wa maji baridi, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Kwa hivyo tumeweza. Lakini tumeweza kwa gharama, na kila mvua ikikosekana Ndakaini, mitungi hupangwa foleni Nairobi. Kuishinda jiografia si kama kushinda mechi, ukapewa kikombe ukaenda nyumbani. Ni kama kukodi nyumba. Kila mwezi unadaiwa.

Tena kuna wakati deni linakuwa kubwa kupita kiasi. Jakarta, mji mkubwa wa Indonesia, umekuwa ukididimia, na sababu moja kubwa ni maji ya ardhini yaliyovutwa kwa visima kwa miaka mingi. Mwaka wa 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kujenga makao makuu mapya, Nusantara, katika kisiwa kingine. Mamilioni ya watu, majumba marefu, barabara za juu, na bado ardhi ikasema neno lake. Bandu bandu huisha gogo.

SHANGAZI NA CHEREHANI YAKE

Sasa nizungumze la nyumbani kwetu. Shangazi yangu alikuwa akiishi Nairobi, kando ya mto. Alikuwa fundi wa nguo mwenye cherehani moja aliyoinunua kwa kudunduliza. Mwezi wa Aprili 2024, ile mvua ambayo sote tunaikumbuka, mto ulifurika usiku. Alitoka na watoto wake wawili na blanketi moja. Cherehani ilibaki. Asubuhi hata mlango haukuwapo. Katika msimu ule watu wengi walipoteza maisha nchini, na baadaye tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizobaki kando ya mito.

Alipokuja kukaa kwetu, mimi, mjuaji wa mijadala, nilimwuliza, "Shangazi, kwani hamkuona kuwa mto uko karibu?" Hakukasirika. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, tuliuona. Kila siku tuliuona. Lakini kodi ya kule juu hatukuiweza."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu. Wapo wanaosema watu wa mabondeni ni wajinga au wakaidi. Si kweli. Wanaijua ardhi kuliko sisi. Walichokosa si elimu ya jiografia, ni nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nayasema wazi: asiye na hiari asilaumiwe, lakini mwenye hiari akijenga njia ya maji hana udhuru. Wale walioanzisha Chalcedon walichekwa kwa sababu walikuwa na hiari.

BONDE LETU

Hapo ndipo ninapofika kwenye vigingi vyekundu. Sote tumeviona. Shule inataka kujenga bweni jipya, na tunashukuru, maana anayelala bweni la sasa anajua tunavyobanana; kitanda cha chini hakina hewa na cha juu kinagusa mabati. Bonde limependekezwa kwa sababu ni tambarare, msingi wake ni rahisi kuchimba, na gharama itakuwa nafuu. Hayo ni mawazo ya maana wala siyadharau. Halmashauri ya shule ina fedha chache na wanafunzi wengi.

Lakini nilipokwenda kule na wenzangu wawili siku ya kufyeka nyasi, tulimkuta mzee mmoja jirani akichunga mbuzi. Tukamwamkua. Akatuuliza vigingi ni vya nini. Tulipomwambia ni bweni, alitikisa kichwa. "Wajukuu wangu," akasema, "hapo ni kitanda cha mto. Mto umesafiri tu, haujauza shamba." Kisha akatuonyesha ua wa waya wa shule. Kwenye waya, juu ya magoti yangu, kulikuwa na matakataka makavu, majani na kipande cha gunia. Maji ya 2024 yalifika hapo. Hayakumdhuru mtu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kudhuru. Tukijenga, watakuwapo zaidi ya mia moja, wote wamelala.

Tena jamani, mbuzi wa mzee yule hawalali pale. Jioni huwapandisha juu.

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Nina mapendekezo matatu, nayatoa kwa unyenyekevu wa mtoto mbele ya wazazi.

Kwanza, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, wanafunzi wa Jiografia wakiongozwa na walimu wao wapewe Jumamosi mbili wapime bonde lile. Waweke alama kila mahali penye dalili za maji, wachore ramani, waipeleke kwa halmashauri. Tunasoma vipimo vya mvua na mistari ya kontua kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii tuvitumie kwa ajili ya usingizi wetu.

Pili, wazee wa hapa waulizwe. Kabla ya shule hii kuwapo, wao walikuwapo. Aliyeishi mahali miaka sabini ameona mvua ambazo hakuna karatasi iliyoziandika.

Tatu, bweni lipandishwe kule juu karibu na mikalitusi, na bonde liwe shamba la mboga na ndizi. Najua huko juu kuna mwamba na msingi utagharimu zaidi. Najua pia tutapoteza uwanja wa voliboli, na mimi mwenyewe ni mchezaji. Huenda fedha zikatosha vyumba vichache kuliko vilivyopangwa, na baadhi yetu tutaendelea kubanana mwaka mmoja zaidi. Mimi niko tayari kuwa mmoja wao. Afadhali nigongwe na mabati kichwani kila asubuhi kuliko kuamshwa na mto.

Mpenzi msomaji, wazee wa Memphis, wa Kilwa na wa Mombasa hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa na adabu ya kuuliza. Waliuliza mto, wakauliza upepo, wakauliza kilindi, halafu ndipo wakamwita mwashi. Sisi siku hizi tunamwita mwashi kwanza, na ardhi tunaiuliza siku ya mafuriko. Maji hufuata mkondo. Hayajui huyu ni mwanafunzi bora, huyu ni kiranja, huyu ni msemaji mkuu wa upinzani.

Kwa hiyo kura yangu ya muhula uliopita naifuta. Jiografia ndiyo mama wa miji, na mama huyu hana haraka. Hukuonya mara ya kwanza, hukuonya mara ya pili kwa matakataka kwenye ua. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Vigingi bado ni vya mbao. Vinang'oleka. Tuving'oe sasa, kabla havijawa kuta na kabla mtu hajatwambia kwamba wakati umekwisha pita.

Wasalaam.